Mshahara wake, deni la serikali: uchambuzi wa kisa cha mfanyakazi wa Msumbiji katika Ujerumani Mashariki

Kuhusu kisa hiki

Mhusika ni Mmakonde wa Msumbiji aliyefanya kazi kiwandani Ujerumani Mashariki kwa miaka ipatayo tisa, akarudi kwao mwaka 1990, na mpaka leo anadai sehemu ya mshahara aliokatwa. Tumemwita Mzee N. Jina la kiwanda, mji, kijiji chake na anapoishi sasa tumeviondoa, na tarehe zinazomhusu yeye peke yake tumezilegeza. Mikataba ya serikali, sheria na matukio yaliyotokea hadharani tumeyaacha yalivyo.

Kisa hiki tunakitumia kwenye mafunzo ya vijana wanaojiandaa kwenda kufanya kazi nchi za Ghuba. Wengi wao wanaijua Vita Baridi kama habari ya makombora na marais. Mzee N. hakushika bunduki hata siku moja, wala hakuwa na cheo katika chama. Alikuwa na mkataba wa kazi tu. Mkataba huo ulizaliwa kwa sababu dunia ilikuwa imegawanyika pande mbili, na mgawanyiko ulipokwisha ukafa nao.

Usuli

Alizaliwa uwanda wa juu wa Mueda, kaskazini kabisa mwa Msumbiji, karibu na ule Juni 1960 ambapo askari wa Kireno waliwafyatulia risasi watu waliokusanyika mbele ya ofisi ya serikali. Frelimo, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, kilipoanza vita dhidi ya Wareno Septemba 1964 na vijiji vikaanza kupigwa mabomu, wazazi wake walivuka mto Ruvuma. Ng'ambo hawakuwa wageni sana, maana Wamakonde wapo Newala na Mtwara kama walivyo Mueda, na mikorosho ni ile ile. Akalelewa Tanzania, akajua Kiswahili kabla ya Kireno, akasoma kwa muda katika shule ya Frelimo kule Tunduru. Uhuru ulipopatikana tarehe 25 Juni 1975, familia ikarudi.

Kwa hiyo tangu utotoni alikuwa ameshaguswa na ugomvi wa wakubwa. Ureno ilikuwa mwanachama wa NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za magharibi, na Frelimo ilipata silaha na mafunzo kutoka Urusi na China, nyingi zikipitia Tanzania. Mtoto wa Kimakonde aliyekimbilia Newala hakuyajua hayo, ila ndiyo yaliyomkimbiza.

Nchi aliyoirudia ilikuwa imekauka. Wareno walikuwa wameondoka kwa wingi, wakiwemo mafundi, madereva wa treni na makarani, na viwanda vingi vikasimama kwa kukosa mtu wa kuviendesha. Afrika Kusini, iliyokuwa ikichukua zaidi ya wachimba migodi 100,000 wa Msumbiji kwa wakati mmoja, ilipunguza idadi hiyo hadi karibu 40,000 ndani ya miaka michache baada ya uhuru. Machi 1976 serikali ya Rais Samora Machel ilifunga mpaka na Rhodesia (Zimbabwe ya leo) kutimiza vikwazo vya Umoja wa Mataifa, ikapoteza mapato ya reli na bandari. Rhodesia ikajibu kwa kuanzisha Renamo, kundi la waasi ambalo baada ya 1980 lililelewa na Afrika Kusini ya makaburu. Katikati ya hayo, Februari 1977, Frelimo ikajitangaza kuwa chama cha Ki-Marx na Ki-Lenin. Marafiki wa kweli, kwa lugha ya wakati ule, walikuwa upande wa mashariki.

Ujerumani Mashariki nayo ilikuwa na shida zake. Vijana wa kazi walikuwa pungufu, maana watu wengi walikimbilia magharibi kabla ya Ukuta wa Berlin kujengwa mwaka 1961. Fedha za kigeni zilikuwa adimu mno, kiasi kwamba bei ya kahawa ilipopanda duniani mwaka 1977, serikali ilitafuta nchi za kubadilishana nazo kahawa kwa mashine na silaha. Msumbiji ilikuwa na makaa ya mawe ya Moatize, ilikuwa na vijana wasio na kazi, na ilihitaji malori, mitambo na wataalamu. Ikavichukua kwa mkopo. Tarehe 24 Februari 1979, kiongozi wa Ujerumani Mashariki, Erich Honecker, akiwa ziarani Maputo, nchi hizo mbili zilitia saini mkataba wa urafiki, na pamoja nao makubaliano ya kupeleka vijana wa Msumbiji kufanya kazi na kujifunza ufundi katika viwanda vya Ujerumani Mashariki. Hadi mwaka 1990 zaidi ya vijana 15,000 walikuwa wamekwenda.

Mfuatano wa matukio

*Kuondoka*

Tangazo lilifika wilayani mwanzoni mwa miaka ya 1980. Walitakiwa vijana wa miaka 18 hadi 25, wenye afya. Mkataba ulikuwa wa miaka minne: kazi, mafunzo ya ufundi, kisha kurudi kujenga nchi. Mzee N. alikuwa ameshaisikia Ujerumani redioni, tena zote mbili. Radio Berlin International ya mashariki ilikuwa na matangazo ya Kiswahili, na Deutsche Welle ya magharibi ilitangaza kwa Kiswahili tangu 1963. Kule uwandani watu walisikiliza zote, na kila moja ikamsema mwenzake.

Kilichompeleka hakikuwa redio. Jeshi lilikuwa likichukua vijana kwa lazima, na kaka yake alikuwa ameshachukuliwa. "Mwanangu," alituambia, "aliyekwenda Ujerumani hakuitwa jeshini kwa miaka minne. Hesabu ilikuwa hiyo tu." Angeweza kuvuka Ruvuma kurudi kwa mjomba wake, lakini Tanzania ya baada ya vita vya Kagera haikuwa na sabuni wala sukari madukani. Akatia kidole na saini kwenye karatasi ya Kireno. Aliambiwa kuwa sehemu ya mshahara itatumwa nyumbani na ataikuta. Nakala hakupewa.

*Kazi na makato*

Walitua uwanja wa Schönefeld wakati wa baridi, wakagawiwa makoti na kupakiwa kwenye basi. Hosteli ilikuwa nje kidogo ya mji, watu wanne chumba kimoja, mlinzi mlangoni akiandika kila mgeni. Baada ya wiki kadhaa za lugha wakaingia kiwandani, zamu tatu, na Mzee N. akafunzwa kazi ya vyuma. Kila kundi lilikuwa na kiongozi wake Msumbiji aliyewajibika kwa serikali ya Maputo. Kuoa Mjerumani kulihitaji ruhusa ya nchi zote mbili. Kwa wasichana sheria ilikuwa kali zaidi: kwa miaka mingi, aliyepata mimba alirudishwa nyumbani isipokuwa akiitoa.

Mwanzoni makato yalikuwa robo ya mshahara. Mwaka 1986 kanuni ikabadilika, yakawa asilimia 60 ya kile kinachozidi marki 350 za mshahara wa mkononi. Tuchukue mfano wa mtu mwenye marki 850. Zilizozidi 350 ni 500, asilimia 60 yake ni 300, na anabaki na 550. Makato yalichukuliwa juu kwa juu, kabla hajaiona fedha, na kwenye hati ya mshahara yaliandikwa kama uhamisho kwenda Msumbiji.

Hosteli ilichafuka. Wapo waliotaka kugoma. Viwanda vingine vilishuhudia migomo ya Wamsumbiji, na vinara wake walipakiwa kwenye ndege. Mzee N. alikwenda kwa kiongozi wa kundi kuuliza fedha inakwenda benki gani. Akajibiwa kwamba ipo, inamsubiri, na kwamba nchi iko vitani. Hakuuliza tena.

Alichofanya ni kununua vitu. Marki ya Ujerumani Mashariki haikuwa na thamani nje ya mipaka yake, na kuitoa nchini kulikatazwa. Njia halali ya kuihamisha ilikuwa kuigeuza bidhaa na kuzipakia kwenye kasha la mbao ambalo mfanyakazi aliruhusiwa kusafirisha kwa meli mwishoni mwa mkataba. Alipoongezewa mkataba akaendelea kukusanya: pikipiki aina ya Simson, cherehani mbili, mashuka, sufuria na vipuri. Chini ya kitanda alikuwa na mkebe wa biskuti wenye hati zake zote za mshahara, kwa mpangilio wa miezi. Tulimuuliza kwa nini alizitunza. Akasema mjomba wake wa Newala alifanya hivyo hivyo na risiti za korosho za chama cha ushirika.

*Ukuta unaanguka*

Julai 1989 Frelimo ilikuwa imeshaacha rasmi itikadi ya Marx na Lenin. Tarehe 9 Novemba 1989 Ukuta wa Berlin ukafunguka. Mzee N. anakumbuka wafanyakazi wenzake Wajerumani wakirudi Jumatatu na mifuko ya ndizi, na mmoja wao, mtu waliyekula naye kwa miaka, akimwambia kwa upole kwamba sasa kazi ni za wenye nchi.

Oda za kiwanda zilikatika. Fedha ya Ujerumani Magharibi ilipoanza kutumika mashariki tarehe 1 Julai 1990, bidhaa za viwanda vya mashariki zikakosa mnunuzi karibu mara moja, na wageni wakawa wa kwanza kupunguzwa. Amri ya serikali ya Juni 1990 iliruhusu mikataba ya wageni kuvunjwa kabla ya wakati. Aliyekubali kuondoka alilipwa asilimia 70 ya mshahara kwa miezi mitatu, marki 3,000 za mara moja, na tiketi ya kurudi. Aliyetaka kubaki aliruhusiwa kukaa hadi muda wa mkataba wake wa awali uishe, akijitafutia kazi mwenyewe. Wengi hawakuelezwa sehemu hii ya pili. Mzee N. aliijua kwa sababu mkalimani mmoja alimsomea.

Alikuwa na mtoto wa kike wa miaka mitatu na mwanamke wa Kijerumani, bila ndoa. Mkataba wake ulikuwa umebakiza miezi isiyozidi sita. Usiku vijana wenye vichwa vya kipara walikuwa wakizunguka hosteli na kurusha chupa. Akachukua marki 3,000, akapakia kasha, akaondoka wiki chache kabla Ujerumani mbili hazijaungana tarehe 3 Oktoba 1990. Mwezi huo huo Radio Berlin International ikanyamaza, na masafa yake yakapewa Deutsche Welle.

Maamuzi na sababu zake

Ukikisoma kisa kwa haraka utamwona mtu anayesukumwa na upepo. Sisi tunaona alifanya maamuzi manne, na kila moja lilikuwa na hesabu yake.

La kwanza ni kusaini. Hakulipwa sifa yoyote ya kisiasa kwa kwenda, wala hakuitafuta. Alikwepa vita. Ukizingatia kilichowapata vijana wengi wa rika lake, hatuwezi kumlaumu kwa kutosoma vipengele vya makato.

La pili ni kunyamaza mwaka 1986, uamuzi unaozua ubishi mkali kila tunapokifundisha kisa hiki. Vijana husema angegoma. Lakini adhabu ya kugoma ilikuwa kurudishwa, na kurudishwa maana yake ilikuwa Msumbiji ya mwaka aliokufa Machel, nusu ya nchi haipitiki kwa barabara, na jeshi linasubiri. Mfanyakazi hakuwa na chama cha kumtetea dhidi ya serikali yake mwenyewe, kwa kuwa kiongozi wa kundi ndiye aliyekuwa serikali. Uamuzi wake wa kugeuza kila marki iliyobaki kuwa bidhaa ulikuwa njia pekee ya kutilia shaka mfumo bila kuusemea.

La tatu ni kuondoka 1990, ambalo tutalirudia chini.

La nne ni kukaa na mkebe. Aliporudi, wenzake wengi walitupa hati zao au waliziacha hosteli, wakiamini serikali ina orodha.

Matokeo

Maputo walipokelewa na foleni. Alipelekwa ofisi hii, akarudishwa ile, akaambiwa njoo wiki ijayo. Baada ya danadana za miezi alilipwa kiasi kidogo cha metikali, fedha ya Msumbiji, na akaelezwa kwamba salio halijafika. Hakuna aliyemwonyesha hesabu yoyote.

Kasha lilifika bandarini. Kulipeleka kaskazini kwa barabara kulikuwa kujitafutia kifo, maana vita havikuisha hadi mkataba wa amani wa Roma wa tarehe 4 Oktoba 1992. Akauza pikipiki Maputo kwa bei ya hasara ili apate nauli na chakula, akabaki na cherehani na vipuri, na vita vilipoisha akavipeleka kwao. Cherehani hizo zililisha familia yake kwa zaidi ya miaka kumi. Ufundi wa vyuma alioujifunza haukupata kiwanda cha kuutumia. Viwanda vilivyokuwa vimeahidiwa kwenye hotuba za 1979 ama havikujengwa, ama vilikuwa vimekufa, na vilivyobaki vikaingia kwenye ubinafsishaji ulioshauriwa na Shirika la Fedha la Kimataifa na Benki ya Dunia, ambazo Msumbiji ilijiunga nazo mwaka 1984.

Wenzake wa kusini walijipanga. Kila Jumatano waliandamana katikati ya Maputo, wengine wakibeba bendera ya Ujerumani Mashariki, nchi ambayo haipo tena. Bustani ya 28 de Maio ikawa makao yao. Julai 2004 kundi lao liliingia na kukalia ubalozi wa Ujerumani. Serikali ya Msumbiji ililipa sehemu ya madai miaka ya 2000, kwa kiwango ambacho wadai wengi walikikataa. Mzee N. alilipwa sehemu hiyo kwa sababu alikuwa na hati. Aliamua kusafiri mara moja tu kutoka kaskazini, zaidi ya kilomita 2,000, na mkebe wake kwenye begi.

Binti yake alimwandikia kwa mara ya kwanza akiwa mtu mzima. Hayo mengine ni yao.

Uchambuzi

*Fedha ilikwenda wapi*

Hili ndilo kiini. Makato hayakuwa akiba, ingawa ndivyo yalivyoelezwa. Msumbiji ilidaiwa na Ujerumani Mashariki kwa malori, mitambo na mikopo, na haikuwa na dola za kulipia. Ilikuwa na watu. Marki zilizokatwa kwenye mishahara ya vijana hazikuvuka bahari. Zilibaki Berlin zikihesabiwa kama malipo ya deni, na serikali ya Maputo ilitakiwa kuwalipa wafanyakazi kiasi hicho kwa metikali kutoka hazina yake. Kwenye karatasi hesabu inafunga. Kwa vitendo ilitegemea hazina ya nchi iliyo vitani kuwa na fedha, na ikiwa nayo, kuamua kwamba kijana wa Mueda anastahili kulipwa kabla ya jeshi.

Hata kwa waliolipwa, thamani iliyeyuka. Kuanzia Januari 1987 metikali ilishushwa thamani mara kwa mara chini ya mpango wa kurekebisha uchumi. Jasho la 1983 lililopigiwa hesabu kwa metikali lililipwa miaka kadhaa baadaye kwa noti zisizonunua hata robo ya kile alichotarajia.

*Mtindo wa zamani kwa maneno mapya*

Wasomaji wengi hukichukua kisa hiki kama ushahidi wa ubaya wa ukomunisti. Tunadhani hapo wanakosa jambo kubwa zaidi. Kabla ya Berlin kulikuwa na Johannesburg. Chini ya makubaliano kati ya Ureno na Afrika Kusini, mchimba dhahabu wa Msumbiji alizuiliwa asilimia 60 ya mshahara wake kwa sehemu kubwa ya mkataba. Sehemu hiyo ililetwa Msumbiji kwa dhahabu ya bei rasmi, serikali ya kikoloni ikapata faida ya tofauti ya bei, na mchimbaji akachukua escudo zake, fedha ya Kireno, nyumbani. Utaratibu huo uliendelea mpaka 1978. Mwaka mmoja baadaye ukasainiwa wa Ujerumani Mashariki.

Mabepari wa makaburu na wajamaa wa Berlin walitukanana katika kila mkutano wa Umoja wa Mataifa, lakini kwa kijana wa Msumbiji walikuja na utaratibu unaofanana: mwili wako huku, sehemu kubwa ya mshahara wako kwa serikali yako, nayo itakulipa. Hata asilimia 60 ilijirudia. Ila mchimba migodi, pamoja na unyonge wake wote, kwa kawaida alizikuta escudo zake. Kuna wazee wa mikoa ya Inhambane na Gaza, kusini mwa Msumbiji, wanaosema hivyo waziwazi, na si kwa kuutamani ukoloni.

Kwa nini mfumo wa mwisho ulifeli pale ambapo wa kwanza ulilipa? Kwa maoni yetu ni kwa sababu migodini kulikuwa na mnunuzi aliyewahitaji wafanyakazi warudi tena mwaka unaofuata. Mchimbaji asingelipwa, asingerudi. Ujerumani Mashariki kwa muda mrefu haikuwa na wasiwasi huo, na Maputo ilijua vijana wa kwenda hawataisha mradi vita vipo.

*Mkataba usio wa mfanyakazi*

Makubaliano yalikuwa ya serikali na serikali. Mzee N. alisaini, lakini hakuwa upande wowote wa mkataba wenye nguvu ya kudai. Upande mmoja ulipofutika kwenye ramani, Ujerumani iliyoungana ilirithi majengo ya viwanda na madeni yaliyobaki ya Msumbiji, na ikashikilia kwamba suala la mishahara lilimalizwa kati ya dola mbili. Maputo nayo ilisema mara fedha haikufika, mara ilifika pungufu, mara imeshalipwa. Kila mmoja akawa na mlango wa kutokea, isipokuwa mwenye jasho.

Hapa tunaomba vijana waangalie mikataba yao wenyewe ya leo, hasa pale wakala anapoahidi kwamba sehemu ya mshahara itatunzwa. Nani ameitunza, kwa jina la nani, na kwa fedha ya nchi gani? Maswali haya matatu Mzee N. aliuliza moja tu, na jibu lilikuwa la kisiasa.

*Alichopatia*

Bidhaa zilifaulu kwa sababu hazikuhitaji mtu wa tatu atimize ahadi. Cherehani haishushwi thamani kwa tangazo la benki kuu. Alipata hasara kwenye pikipiki, ndiyo, lakini hasara hiyo aliichagua mwenyewe.

Mkebe wa hati ulifaulu kwa kiasi. Ulimpa malipo ambayo jirani yake, aliyefanya kazi miaka mingi kuliko yeye, aliyakosa. Lakini ulimfikisha kwenye sehemu tu ya haki, na mchakato wote ulikuwa Maputo. Madai yanayoshughulikiwa kwenye jiji kuu peke yake huwaacha nje watu wa mbali, na Msumbiji ni nchi ndefu. Maandamano ya Jumatano yaliwanufaisha zaidi wale walioweza kuwepo Jumatano.

*Kuondoka 1990*

Alikosea au alipatia? Washiriki wa mafunzo hugawanyika, na sisi wawezeshaji pia.

Kwa usalama wake, yaliyofuata yanamtetea. Aprili 1991 Jorge Gomondai, Mmsumbiji aliyekuwa amefika Ujerumani Mashariki kwa mkataba kama wake, alifariki Dresden baada ya kushambuliwa na vijana wabaguzi ndani ya tramu. Septemba mwaka huo huo, mjini Hoyerswerda, hosteli ya wafanyakazi wa Msumbiji na Vietnam ilizingirwa na kupigwa mawe kwa siku kadhaa, majirani wakitazama na baadhi wakishangilia. Wakazi wake walihamishwa kwa mabasi chini ya ulinzi wa polisi, na walioshambulia wakasherehekea kama washindi.

Kwa upande wa mtoto, aliondoka pasipo karatasi inayomtaja kama baba. Hili lingeweza kufanywa ndani ya siku moja katika ofisi ya mji, kabla hajapanda ndege. Hakuna aliyemshauri, naye akili ilikuwa kwenye kasha. Watoto wengi wa Wamsumbiji walikua Ujerumani hivyo hivyo, wakiwa na picha moja au mbili za baba. Tukiulizwa ni kosa gani katika kisa hiki lilikuwa mikononi mwake na likamgharimu zaidi, tunataja hili kabla ya fedha.

*Tusilotaka kulirahisisha*

Mzee N. mwenyewe hakubali kuitwa mtumwa. Anasema alikula akashiba kwa miaka tisa, alitibiwa bure, alicheza mpira, alipenda na kupendwa, na msimamizi wake wa zamu alimfundisha kazi bila dharau. Anasema pia kwamba vita alivyovikwepa viliendeshwa na watu waliojiita wapinzani wa ukomunisti, na kwamba vita hivyo ndivyo vilivyofanya makato yake yageuke mtutu wa bunduki. Wataalamu wa kilimo wa Ujerumani Mashariki nao waliuawa na vita hivyo karibu na Unango, Niassa, mwaka 1984. Magharibi yenyewe haikuwa na kauli moja: wakati wahafidhina wa Marekani wakitaka Renamo isaidiwe, Uingereza ya Margaret Thatcher ilikuwa ikiwafunza askari wa Frelimo huko Zimbabwe. Tanzania nayo ilipeleka askari wake Zambezia.

Ndiyo maana tunapofika mwisho wa somo hatuwaulizi washiriki upande upi ulikuwa mbaya. Tunawapa nakala ya hati ya mshahara ya 1987, jina limefutwa, na kuwaomba waoneshe kwa kalamu ni mstari upi ulikuwa mali ya mfanyakazi na upi ulikuwa mali ya serikali. Wengi huzungushia mstari wa makato na kuandika "akiba". Kisha tunawaambia kwamba Mzee N. hajawahi kuonyeshwa akaunti yoyote yenye jina lake, si Berlin wala si Maputo, na tunawapa kalamu tena.